Mama Shoka na Vidonda vya Mdomoni

Buchani walimwita Mama Shoka, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Paja la ng'ombe lililowashinda wanaume wawili yeye alilipasua kwa pigo moja, huku akimsuta mteja aliyetaka kuongezewa steki. Mwizi aliyewahi kupenyeza mkono kwenye droo yake aliondoka na vidole vilivyopondwa kwa ubapa wa panga. Mlango ukikwama, teke. Jirani akipayuka, kofi. Mumewe alipofariki, watu walimpa pole mara moja tu, wakakaa mbali.

Basi binti yake wa pekee, aliyekuwa bado hajatimiza miaka miwili, alipogoma kula, mama alijua dawa yake. Tangu kuamka mtoto alikuwa anasukuma kijiko, anatokwa na udenda, analia hata akionyeshwa maji. Mama Shoka akasema hicho ni kiburi, tena kimetoka upande wa baba. Mama mkwe, aliyeishi nao na aliyekuwa akikatakata vitunguu pembeni, akamjibu kwamba mwenye kiburi humu ndani anajulikana.

Mama Shoka akamlaza mtoto mapajani, akambana mikono, akamziba pua. Mdomo ulipofunguka kutafuta hewa, akamimina supu ya mifupa, ya moto, yenye chumvi na ndimu. Mtoto akapaliwa, akafurukuta, akamng'ata mama kidole hadi damu. Mama akamnasa kofi kwa mkono uleule anaopasulia mifupa.

Mtoto alipoachama kulia ndipo mama alipoona. Ulimi na ndani ya mdomo wa chini vilijaa vidonda, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, na supu ilikuwa inapita juu yake.

Angeishia hapo. Lakini mtu mkali akiogopa, mikono ndiyo hutangulia, na mama mkwe alikuwa na jibu tayari: vidonda vya mdomoni husuguliwa kwa kitambaa na chumvi mpaka vitoe damu, ndivyo alivyowatibu wanawe wote. Wote hao, naongeza mimi, walikuwa na bahati. Mama Shoka akakishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili, bibi akazungushia kitambaa kidoleni, akasugua. Damu ikachuruzika kidevuni. Mtoto alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka, kisha akanyamaza, akakodoa macho. Hakumtazama bibi. Alimtazama yule aliyemshika.

Mama Shoka akapandwa na wazimu. Alimdaka mama mkwe mkono, akaupinda hadi ukalia, akamsukuma, bibi wa watu akagonga kabati na sufuria zikaporomoka.

"Mwachie mwanangu," alisema, ingawa aliyemshika mtoto alikuwa ni yeye.

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza damu imetoka wapi, akaambiwa ukweli wote. Akavua glavu taratibu, kama mtu anayejizuia asipige.

"Vidonda kama hivi vingi hupona vyenyewe, wiki moja, pengine mbili," alisema. "Mtoto hakugoma, anaumia. Cha kuogopa ni kukaukiwa maji mwilini. Mara ya mwisho nepi yake ililowa lini?"

Mama Shoka hakukumbuka.

Muuguzi akampima mtoto uzito, akamchuruzia dawa ya maumivu ndani ya shavu kwa bomba dogo, huku akimpa mama maneno yake. Habari ya kusugua isisikike tena. Chumvi, ndimu, pilipili na vitu vya moto vikae mbali na mdomo huo. Mtoto apewe vyakula laini vilivyopoa, na anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Akawaletea kikombe cha maziwa baridi, akasema wasitoke pale mpaka anywe na akojoe. Asipokunywa atatundikiwa dripu, na mishipa ya mtoto aliyekaukiwa maji hutafutwa kwa sindano nyingi.

Mama Shoka akachota kijiko, akakipeleka. Mtoto akafumba mdomo, akarudi nyuma hadi kisogo kikagonga ukuta. Akajaribu tena akibembeleza, na sauti yake haikuwa na mazoea ya kubembeleza. Mtoto akatetemeka. Muuguzi akaanza kuandaa dripu.

Hapo ndipo mwanamke yule aliyeogopwa mtaa mzima akalia, bila kujificha. Angemziba pua, maziwa yangeingia. Nguvu alikuwa nazo. Akakiweka kikombe benchini kando ya mtoto, akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akaikalia mikono yake.

Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Mtoto akachovya kidole katika maziwa, akakilamba. Akainama, akanywa, akakunja uso, akanywa tena. Alipofika nusu ya kikombe nepi ikalowa, na muuguzi akairudisha dripu kabatini.

Mama Shoka akashusha pumzi kwa furaha. Tone la maziwa lilikuwa linaning'inia kidevuni kwa mtoto, naye akanyoosha mkono kumfuta.

Mtoto akaufunika mdomo kwa viganja vyote viwili.