Diwani wa Bibi

Juzi nilikuwa Nizwa, Uarabuni, nasubiri dawa hospitalini. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kizanzibari na bintiye. Simu ya bibi ikalia, na kwa kuwa bibi hasikii vizuri, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Shikamoo bibi! Nimeshinda. Sasa mimi diwani wa mji!"

Alikuwa mjukuu wake aliyeko Ulaya. Bibi akapiga kigelegele, kisha akauliza: "Na wanajua mambo yako?"

"Wanajua. Nilisema mwenyewe jukwaani kuwa naishi na mwanamume mwenzangu. Hapa kabla yangu hajapata kuchaguliwa mtu aliyelisema hilo waziwazi."

Binti akamvuta buibui. "Mama, watu wanasikia!"

Kweli tulikuwa tunasikia.

"Mashaallah," akasema bibi. "Njoo basi nikuone."

"Bibi, huko naogopa kuja."

Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. "Basi nitakuja mimi."

Alipoitwa dirishani aliomba dawa za miezi mitatu. "Nasafiri," akamwambia mfamasia. "Nakwenda kumpongeza diwani wangu."

Hafla za kupongeza washindi nimehudhuria nyingi, zenye halwa na hotuba ndefu. Hii haikuwa na hata kahawa, na ndiyo pekee iliyonitoa machozi.