Mapafu ya Mbuzi wa Wakwe

Tuliokuwepo uani kwangu Kakese siku ile ni hawa. Mimi mwenye nyumba. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ndiye profesa. Mjukuu wangu aliyekuwa anaposwa, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea mimi. Upande wa wageni, babu wa kijana anayeposa, mfugaji wa Sibwesa ambaye ukoo wao ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Na mshenga wao, mwenye duka mjini Mpanda. Na watoto wa jirani, hao hawaalikwi. Majina yote ninayo, hakuna hata moja lililonitoka, ila mjukuu kasema nisiyaweke.

Mdogo wangu hajatulia tangu utoto. Tulipokuwa Ikola kwa shangazi tulitumwa kuanika dagaa, yeye unamkuta kapasua samaki anatafuta pumzi inapopitia. Alipigwa, akaendelea. Shule ikamchukua mbali, akaja kuwa mwalimu wa madaktari, anawafundisha mwili unavyofanya kazi: damu inazungukaje, pumzi inaingiaje. Huku kwetu hakuna aliyemtangulia, na chuoni kwao alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha somo hilo. Wanafunzi wakija na madaftari mapya anawaambia wayafunge. Anawakimbiza uwanja mzima kwanza, ndipo wajishike mshipa wa mkono. "Uulizeni mwili wenyewe," anawaambia. "Kitabu nacho kiliambiwa tu."

Sasa siku ile mimi kukaa siwezi. Mara jikoni, mara njiani kuchungulia. Posa moja ilishamvunjikia mjukuu wangu, na alikuwa ameniapia: hii nayo ikivunjika, hakalishwi mkekani kuposwa tena. Na huyu kijana alimpenda kweli.

Wakwe wale wana utaratibu wao. Moyo, ini na mapafu ya mbuzi vinachemshwa bila kukatwa, vinapelekwa kwa mkubwa wa wageni kwanza, aone mnyama alikuwa mzima. Nikaviweka vibichi kwenye beseni, nikafuata chumvi. Narudi, mapafu hayapo!

Nikasikia vicheko nyuma ya nyumba. Mdogo wangu kachuchumaa kati ya watoto, kachomeka bua la jani la mpapai kwenye koo la yale mapafu, anapuliza. Yanaumuka kama maandazi.

"Wewe! Hiyo nyama ya wakwe!"

"Dada, subiri, hawajaona yakishuka."

"Umeitia mdomo!"

Kumbe mshenga yuko nyuma yangu. "Astaghfirullah! Mzee, njoo uone unachopikiwa. Mate!"

Babu wa kijana akaja na fimbo yake, polepole. Tangu ashuke kwenye bodaboda alikuwa anahema, kila maneno mawili anapumzika. Akatazama.

"Twende," akasema. "Hapa... tumetukanwa."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Nikapiga magoti, mkwe, mkwe, mbuzi mwingine yupo.

Mdogo wangu hata hakuinuka. Akamnyooshea mzee lile bua.

"Mkwe, kabla hujaenda, puliza na wewe."

Nilitamani nimzibe mdomo kwa kanga. Lakini mzee akalipokea, nadhani kwa hasira, akapuliza. Mapafu yakatikisika, yakalala. Akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Yakainuka upande mmoja, kidogo.

"Ya mbuzi tu haya," akasema.

"Ya mbuzi tu, mkwe." Sasa sauti ya mdogo wangu ilishuka. "Yako yamebanwa na nini, sijui. Mimi nafundisha, sitibu. Ila niliowafundisha wapo hospitali ya mjini. Kesho nakupeleka mwenyewe."

Mzee akatafuta pa kukaa, akakalia kinu kilicholazwa.

"Mzee, si tunaondoka?" mshenga akauliza.

"Nenda wewe... mwenye mapafu."

Kisha akageukia mlangoni. "Mke wetu, lete hayo maji."

Mke wetu! Ndipo na mimi nikakaa, hapohapo chini kwenye vumbi.

Mdogo wangu kwenye simu anashikilia kwamba mzee alicheka kabla ya kunawa. Mimi nakumbuka alinawa kwanza, ndipo akacheka. Mjukuu anasema hakucheka kabisa. Nyie watoto mliokuwa mmechuchumaa pale, kama nimekosea njooni mniambie, nyumba mnaijua.