Bahasha Sita za Mama Okidi

Majirani walimwita fundi cherehani yule Mama Okidi, na si kwa sababu alipanda maua. Hata kitunguu kilimfia kwenye kopo. Alichopenda ni stempu zenye picha za okidi. Kila posta ilipotoa okidi mpya, alilichora ua lilelile kwa rangi za maji kwenye bahasha, akabandika stempu, akaipeleka dirishani igongwe muhuri siku hiyohiyo stempu ilipotoka. Siku ya kwanza, basi. Bahasha iliyogongwa siku nyingine aliitilia vifungo vya mashati.

Mumewe alimwacha na wazimu wake. Dada wa mumewe ndiye ambaye hakunyamaza. Mbele ya ukoo mzima alisema, "Kaka kaoa mtoto, anacheza na vikaratasi." Mama Okidi naye hakumkawiza: "Afadhali vikaratasi kuliko umbea." Tangu hapo wakanuniana, hata salamu hawapeani, mwaka wa pili sasa.

Ubaya ni kwamba wifi huyo alikuwa karani wa posta, na hakuna aliyegonga muhuri kama yeye: kwenye pembe ya stempu tu, duara kamili, wino hautapakai. Mama Okidi akavumilia dirisha la pili, kwa karani aliyegonga kama anayeua mende.

Ndipo zikatangazwa okidi sita kwa mpigo. Alichora kwa majuma, wateja wakisubiri nguo zao na kununa. Siku ilipofika, akakuta yule muua mende yuko likizo. Dirisha moja tu lilikuwa wazi, na wifi ndani yake.

Lisilo budi hutendwa. Alizisukuma bahasha chini ya kioo bila salamu, wifi akazipokea bila salamu, akagonga zote sita taratibu, kwenye pembe. Mama Okidi alichukia kukiri, lakini kazi ilikuwa nzuri.

Alipofika nje akaziangalia vizuri. Tarehe ilikuwa ya jana.

Amefanya makusudi! Na stempu ikishagongwa imegongwa, haifuliki. Akarudi ndani mbio, akaipachika bahasha moja kwenye kioo. Wifi akaitazama tarehe, akakitazama kikapu cha barua alizogonga tangu asubuhi, uso ukamshuka. Hapo Mama Okidi akaelewa: wifi alikuwa amesahau kuizungusha tarehe ya muhuri alipofungua kazi, na barua zote zilikuwa na tarehe ya jana.

Mkuu wa ofisi, aliyekwisha kumfukuza karani mmoja kwa kosa dogo kuliko hilo, akasogea.

"Kuna tatizo, mama?"

Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Kulitamka tu, deni lote la vikaratasi lingelipwa mbele za watu.

"Hakuna, mkuu. Nilisahau kumsalimia wifi yangu." Akainama kwenye kioo. "Hujambo, wifi?"

"Sijambo, wifi," sauti ikatoka ndogo.

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu." Chini ya meza, kidole cha wifi kilikuwa tayari kinaizungusha tarehe.

Nyumbani Mama Okidi alilia, tena kwa sauti, kwa uchungu wa kazi yake. Mumewe akasema, "Lakini maua si bado yanaonekana?" Aliponea chupuchupu kupigwa rula ya mbao.

Siku chache baadaye ikaja barua. Ilikuwa bahasha ya kaki, stempu moja ya okidi, muhuri kwenye pembe, tarehe ndiyo yenyewe, ya siku ile stempu zilipotoka. Kando, kwa kalamu ya bluu ya ofisini, mtu ambaye hajawahi kuchora maishani mwake alikuwa amechora ua. Lilifanana na kuku aliyenyeshewa. Chini yake: "Kwa wifi yangu." Ndani hamkuwa na kitu.

Mama Okidi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua albamu, akaondoa bahasha aliyokuwa akijivunia kuliko zote kwenye ukurasa wa kwanza, akamweka kuku.