Neno Moja la Mkalimani

Huwa nawasindikiza wazazi wa wanafunzi wangu kwenye ofisi ya malalamiko ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera, na mkalimani wa hapo sijawahi kumwamini. Hukaa kati ya msemaji na afisa kutoka Nairobi asiyejua Kisomali, mswaki wa mti mdomoni, macho chini. Mama atasimulia mpaka sauti imkauke: punda wa mkokoteni amekufa, upepo umeng'oa paa, binti hataki tena shule. Mkalimani atauhamishia mswaki shavu la pili, kisha amwambie afisa, "She has a problem." Msiba kwake ni problem, ugomvi ni problem, hata kiu ni problem. Nikimkazia macho hunipa mgongo. Hayo mengine yote huyapeleka wapi?

Juzi aliyeingia na fimbo alikuwa mama yake mzazi. Kabla bibi hajafungua kinywa, mkalimani aliutoa mswaki, akasimama, akaomba aitwe mkalimani wa chumba cha pili.

"Kwani leo wewe huwezi?" afisa akamuuliza.

"Huyu ni hooyo, mama yangu. Leta mtu ingine. Yeye, wallahi, kila neno yake lazima ifike."