Darasa Lililofaulu Kupimwa Macho

Pale Ngaramtoni watu walisema Mwalimu Anneth angeweza kufaulisha hata punda wa sokoni. Mwenyewe alicheka akiyasikia, lakini moyoni alikubali. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha darasa la pili, na kila mgeni aliyeingia darasani mwake na karatasi mkononi alikuja kukagua, kutafuta waliofeli, kisha kumsema mwalimu.

Kwa hiyo watu wa macho walipoleta chati yao siku moja kabla ya kupima wanafunzi, wakaiacha ofisini, Anneth alifanya alilolijua. Chati ilikuwa na herufi E zilizogeuziwa huku na huku, na mtoto alitakiwa aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Anneth aliinakili ubaoni kwa maandishi makubwa, akawaimbisha watoto mchana kutwa. Mstari wa mwisho, ule mgumu, ulikwenda hivi: kulia, juu, kushoto, chini, kulia.

"Kesho msiniangushe," aliwaambia.

Hakuna aliyemwangusha. Hata Namelok, binti wa mfugaji Yiamat, aliyekuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, alizibwa jicho la kulia na bado akaupeleka mkono sawasawa hadi mwisho. Wageni walishangaa, darasa zima halina hata mtoto mmoja mwenye tatizo. Mwalimu mkuu akapiga makofi, na Anneth akarudi kwake Olmotonyi roho nyeupe.

Miaka mitano ikapita. Namelok akiwa darasa la saba walikuja wapimaji wengine, na muuguzi wa safari hii hakutundika chati. Alishika kadi yenye E moja tu, akawa anaigeuza mkononi apendavyo. Anneth alipewa kazi ya kuandika majina. Namelok akazibwa jicho la kulia. Kadi ilielekea chini; mkono wa binti ukaenda kulia. Muuguzi hakuigeuza kadi, ila mkono uliendelea wenyewe: juu, kushoto, chini, kulia.

"Mwalimu," muuguzi alisema polepole, "huyu haoni. Kuna kitu amekariri."

Anneth aliacha kuandika. Mpangilio ule aliujua. Ulikuwa wake.

Wiki iliyofuata aliongozana na Yiamat na binti yake hadi hospitali mjini Arusha. Daktari alipima kwa muda mrefu, kisha akaeleza bila kuficha. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni, na ubongo ukazoea kulipuuza. Lingewahiwa darasa la kwanza au la pili, miwani na kuliziba lile zima kwa muda vingelifundisha kuona. Sasa watajaribu, ila wasitegemee mengi.

Nje, kwenye benchi, Yiamat alimshika Anneth mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, mwalimu. Bila wewe tusingejua."

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini shukrani ile ilimchoma kuliko tusi, naye akasimulia yote, chati, ubao, na jinsi alivyowaimbisha. Yiamat aliukunjua mgolole wake, akaukunja tena. Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Ulitaka wafaulu," alisema mwishowe, na haikujulikana kama anasamehe au analaumu.

Anneth alimgeukia binti. "Mwanangu, siku ile ulikuwa unaziona zile herufi?"

"Hapana, mwalimu. Kwa jicho hili niliona weupe wa karatasi tu."

"Sasa mbona hukusema?"

Namelok aliinamisha kichwa upande, kama alivyofanya tangu mdogo, ili amwone mwalimu wake vizuri.

"Ulituambia tusikuangushe," alisema.