Mchana Tulipofunga Mizigo

Juzi stendi ya Singida niliona wasichana wawili wakizungumza kwa ishara, nikamkumbuka mdogo wangu Neema, asiyesikia, na mchana wa kuhama kijijini kwetu Iguguno ili akasome shule ya viziwi. Uani kulinukia alizeti. Nilimsaidia mama kufunga magodoro, nikiimba. Nguo zangu sikuziona kwenye mabegi, nikadhani zitafungwa mwisho.

Pikapu iliyobeba mizigo ilipowashwa, nilikimbilia mlango. Baba akanishika bega.

"Wewe utabaki na bibi. Kule tumepata chumba kimoja tu."

Neema alipigapiga kiti, akiniita nipande. Mama hakunitazama.

Leo najua chumba kilikuwa kimoja kweli. Kinachoniuma ni kwamba waliniacha nifunge mizigo yao nikiimba, na baba na mama walijua kuwa nabaki.