Mbegu Kumi za Sadaka

Ndugu zangu, naungama, na bado nastaajabu. Kikundi chetu cha wakulima hapa Nakivale kilinikabidhi gunia la maharage ya mbegu, tegemeo la familia zetu zote msimu huu. Nilijaribu kumi kwenye kitambaa chenye maji. Zote zikaota, nami nikatangaza baada ya misa kwamba gunia lote ni zima.

Mjukuu wangu Chantal, anayesoma takwimu Mbarara, alitikisa kichwa. "Babu, kumi ni chache. Zinakuambia tu kwamba katika kila kumi zitaota kati ya saba na kumi."

Akafumba macho, akatoa mia mbili kutoka juu, kati na chini ya gunia, akaziotesha vilevile. Siku ya kuhesabu, mbele ya kikundi kizima, zilizoota zilikuwa mia na ishirini.

"Mia mbili zinabana jibu," alisema. "Ni sita hivi katika kila kumi. Tukipanda mbili kila shimo, hatutalala njaa. Lakini babu, sita haiko kati ya saba na kumi. Zile zako ulizichaguaje?"

Siku ya kuzichagua nilikuwa peke yangu chumbani, lakini hesabu iliniona.

"Moja moja, mwanangu. Zilizonona, kama za sadaka."

Jirani yangu Mama Espérance akapasuka kicheko. "Haya, Mzee, za Mungu zimeota zote! Sisi umetuachia zipi?"